Sauti ya Athumani Kwenye Redio ya Mama

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nikiwa mke kijana nyumbani kwa mavyaa yangu Msambweni. Mama huyo, mzazi wa mume wangu, aliinuka kitini baada ya swala ya alasiri, akaizima redio kwa mkono wake mwenyewe, akatugeukia na kusema, "Athumani anaumwa, na nyinyi mnanificha."

Umenijia unataka nikuambie ufanye nini ili nyimbo za simu yako zitoke safi kwenye spika za nyumbani bila waya. Nitakuambia yote ninayoyajua, usiwe na shaka. Lakini siwezi kuanzia kwenye vifaa, kwa sababu hayo ninayoyajua niliyajua roho ikiwa juu. Na unisamehe nikiinuka na kukaa, nikiinuka na kukaa. Mwili wangu haujui kutulia, hata mamangu mzazi alikuwa ameshachoka kunikemea.

Athumani alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu Bakari, kitinda mimba wa mama. Alikuwa amekwenda Uarabuni kufanya kazi kwenye ghala la saruji. Kabla ya kusafiri ndiye aliyekuwa akiongoza kasida pale madrasa, na alipokuwa akisoma, mpita njia alipunguza mwendo. Basi kila Ijumaa alijirekodi akisoma, akatutumia, nasi tukaipeleka sauti ile kwa bluetooth kutoka kwenye simu mpaka kwenye redio kubwa ya sebuleni. Mama hakutaka kumsikiliza mwanawe kwenye simu. Alisema kitu kile kidogo kama kipande cha sabuni hakiwezi kumbeba Athumani. Alitaka sauti ijae nyumba, kama alipokuwapo.

Na kusema kweli haikuwa ikijaa. Ilitoka nzito, imefifia, mara inakatika katikati ya beti, mara inarudi. Sisi tulikuwa tumeshazoea. Tulikuwa tunasikiliza na huku tunaendelea na mambo yetu.

"Anaumwa nini, mama?" Bakari alimuuliza siku hiyo. "Jana tu tumezungumza naye. Mzima kabisa."

"Sauti si yake. Hii ni sauti ya mtu anayeinuliwa kitandani ili asome."

Kuanzia hapo nyumba haikuwa na raha. Mama hakula, na alipokula alikuwa anagusagusa tu. Alikuwa akitoka uani, akirudi ndani, akisimama mlangoni akitazama barabara kama kwamba kuna mtu ataleta habari. Akaanza kusema Athumani aache kazi arudi. Bakari naye akawa anampigia ndugu yake kwa siri, na Athumani anacheka, anasema mama amezeeka, mwambieni asihangaike. Nasi tulikuwa tunamtegemea Athumani kwa mengi, sitakuficha. Kumrudisha kwa sababu ya redio mbovu ilionekana kama wazimu.

Mimi wakati huo nilikuwa nikifanya kazi hoteli moja ya Diani, upande wa sherehe. Wageni wakifunga harusi ufuoni, mimi ni mmoja wa waliokuwa wakipanga spika. Kwa hiyo nikajiona dawa ninayo. Nilijiambia kwamba nikiisafisha sauti ile, mama atamsikia mwanawe vizuri, moyo utamtulia, nasi tutapumua.

Nikaanza na simu yenyewe. Unajua ilikuwa inakaa wapi? Pindoni mwa leso. Mama alikuwa akishabonyeza kasida ianze, anaifunga simu kiunoni, kwa maana ndiyo iliyotoka kwa Athumani na hakutaka kuwa mbali nayo. Halafu anakwenda zake jikoni kukoroga chungu. Bluetooth haipendi mwili wa mtu, mwanangu. Mwili umejaa maji, na maji yanayazuia yale mawimbi. Ongeza na kuta zetu za mawe. Kila mama alipogeuka, Athumani alikatika. Nikamwomba simu, akanipa kwa shingo upande, nikaiweka juu ya kigoda mbele ya redio, bila kitu katikati. Kukatika kukaisha.

Nikaenda nyuma ya redio, kwenye kile kifaa kidogo cha kupokea sauti ya simu. Bakari alikuwa amekinunua madukani Kona ya Musa, akakibandika pembeni ya sanduku la waifai, vitu viwili vinavyogombea hewa moja. Nikavitenganisha. Nikatazama sauti: ya simu ilikuwa nusu, ya redio imefunguliwa mpaka mwisho. Hivyo ndivyo watu wengi wanavyofanya, na hapo ndipo mvumo unapotoka, kwa kuwa redio inakuza kila uchafu unaoingia. Nikapandisha ya simu karibu na mwisho na kushusha ya redio. Kisha besi. Bwana wangu Bakari, Mungu amweke, alikuwa anapenda besi impige kifuani, alikuwa ameizungusha mpaka mwisho. Besi ya namna hiyo inammeza msomaji. Nikairudisha katikati, naye akanung'unika siku nzima.

Tukaipiga tena ile kasida ya Ijumaa. Ikawa afadhali, lakini ilikuwa bado kama mtu anayesoma chini ya blanketi. Nilimtazama mama usoni nikitarajia tabasamu.

"Bado anaumwa," akasema.

Nilichoka, mwanangu. Nilikuwa nimerukaruka sebuleni tangu mchana, mikono imejaa vumbi, na mtu hata hashukuru. Ndipo ulimi ukaniponyoka.

"Mama, huenda ni masikio tu. Masikio nayo yanachoka."

Bakari akanikanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mama hakupandisha sauti. Alikaa, akajifunika leso vizuri, akaniita kwa jina.

"Riziki. Masikio haya yalikuwa yakijua ni mtoto gani anayelia chumbani kabla sijafungua mlango, na analilia nini. Mimi nimekuambia habari ya mtoto, wewe unanijibu habari ya waya. Haya, tengeneza chombo chako mpaka kisiwe na ila. Kikishakuwa hakina ila na mimi bado nikawa nasikia ninachosikia, hapo utanihukumu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwomba radhi, akanipa, lakini maneno yake hayakunitoka kichwani. Nilikwenda kazini nikiyasikia na kurudi nikiyasikia.

Nikafikiri upya. Ujumbe wa sauti tunaotumiana kwa simu unabanwa sana ili upite haraka, na ukishabanwa kinachopotea hakirudi. Halafu bluetooth nayo inabana mara ya pili. Spika hata iwe nzuri vipi, haiwezi kutoa kitu ambacho hakikufika. Nikampigia Athumani. Nikamwambia safari hii asinitumie ujumbe wa sauti. Ajirekodi kwa kinasa sauti cha simu, ndani ya chumba kilichofungwa, simu ikiwa karibu na mdomo, kisha atume faili lenyewe zima, lisilopunguzwa.

"Kwani ile ya kila wiki ina ubaya gani, shemeji?"

"Mama anataka kukusikia vizuri."

"Mwambie niko vizuri."

"Tuma tu, Athumani."

Kikabaki kitu kimoja, na ndicho nilichokuwa nikikizunguka wiki nzima nikiogopa kukigusa. Vitambaa. Wewe hukuzikuta sebule za wakati ule. Kila kitu cha thamani kilivishwa: viti, meza, televisheni, na redio pia. Mama alikuwa mfumaji hodari. Alizifumia spika zake vitambaa vya uzi mzito, akavitia wanga mpaka vikasimama, vikafunika uso wote wa mbele, na kila spika ikawekewa chombo cha maua ya plastiki kichwani. Zile sauti nyembamba za juu, ndizo zinazobeba herufi na pumzi za msomaji, haziwezi kupenya kitambaa kilichotiwa wanga. Zinaishia humo humo. Mapema wiki ile niligusia, nikajibiwa, "Wageni wakija wakute redio yangu iko uchi?" Nikafunga mdomo.

Ijumaa ikafika. Nilirudi kutoka Diani mbiombio. Faili lilikuwa limeshaingia kwenye simu, na nilipokuwa ninaliunganisha tu, stima ikapotea. Sijapata kuona alasiri ndefu kama ile. Bakari alikuwa akitoka nje kutazama kama jirani ana taa, anarudi, anatoka tena. Mimi nilifuta meza iliyokwisha kufutwa. Mama alikuwa akitembea kutoka mlango wa mbele mpaka wa uani, midomo yake inakwenda kwa dhikri, wala hakututazama.

Stima iliporudi, taa ya redio ikawaka. Nikanyoosha mkono kubonyeza simu, mama akanizuia.

"Ngoja."

Akaisogelea redio. Akaondoa maua, akayaweka sakafuni. Kisha akavivua vile vitambaa, kimoja kimoja, akavikunja bila haraka na kukaa navyo mapajani. Spika zikabaki wazi, nyeusi, hata mimi niliona haya kuzitazama. Nikazigeuza kidogo zimwelekee alipokaa. "Sasa," akasema.

Wallahi sauti ilitoka, mwanangu. Athumani alikuwa pale ndani. Kila herufi ilikuwa na mwanzo na mwisho wake, ungeweza kusikia ulimi wake ukigusa meno. Nilishika mdomo kwa furaha. Bakari akacheka kwa nguvu, akasema, "Mama, unasikia? Huyo hapo! Mzima kama sisi!"

Mama aliinua kidole.

"Hapo."

Hatukusikia kitu. Nikarudisha nyuma, nikapiga tena. Katikati ya ubeti, mahali ambapo Athumani wa zamani alikuwa akipita kwa pumzi moja, alisimama akavuta hewa. Kisha, baada ya neno la mwisho, kulikuwa na mluzi mdogo kifuani, mwembamba, wa mtu anayejizuia. Nikapiga ubeti wa pili, mambo ni yale yale. Wa tatu, vivyo hivyo. Nilikuwa nimehangaika wiki nzima kuisafisha sauti ili nimwonyeshe mama kwamba hakuna kitu. Sasa ilikuwa safi, na kitu kilikuwepo. Kicheko cha Bakari kilikufa usoni.

Tukampigia palepale, tukaweka sauti ya simu nje wote tusikie. Akaitika kwa uchangamfu, akamwamkia mama shikamoo, mama akaitika marahaba.

"Athumani," mama akasema, "kohoa."

"Mama, mimi sina kikohozi."

"Kohoa nisikie."

Mimi nilikuwa nimesimama, siwezi kukaa, siwezi kutembea. Kisha Athumani akakohoa. Alianza kidogo, kama mtu anayetii tu. Halafu hakuweza kuacha. Alikohoa mpaka tukasikia simu ikianguka, na mtu mwingine huko mbali akimwita jina lake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mkono uko kifuani kwake mwenyewe.

Alipoweza kusema, alisema kweli. Kifua kilikuwa kimemshika kwa muda mrefu. Alikuwa akienda kazini nacho, anarudi nacho, anaogopa akisema atarudishwa kwao mikono mitupu nasi tukose. Kila Ijumaa alikuwa akikohoa kwanza mpaka kikohozi kiishe, ndipo ajirekodi.

Alirudi. Bakari alimpokea Mombasa, wakavuka feri, akaja amekonda hivi, nguo zinamning'inia. Madaktari wakasema ni maradhi ya kifua yanayotibika, ila angekawia zaidi wasingesema hivyo. Alikunywa dawa kwa muda mrefu, mama akiwa juu yake kama askari. Leo unamjua, ndiye mwalimu Athumani, anafundisha watoto kasida. Hawezi tena kumaliza ubeti mrefu kwa pumzi moja. Watoto wanadhani ndivyo inavyosomwa, na wao wanapumzika hapo hapo anapopumzika yeye.

Sasa nasaha zangu, mwanangu. Ya vifaa umeshayasikia: simu iwe wazi mbele ya redio, sauti ianze kubwa kwenye simu na si kwenye redio, usiitumie besi kuficha unyonge, chukua nyimbo zisizobanwa, na spika usizivishe wala usizifiche kabatini. Fanya hivyo, utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Lakini lililo kubwa ni hili. Mtu wako akikuambia anasikia kitu ambacho wewe hukisikii, usianze kwa kuyalaumu masikio yake, hasa akiwa mzee na hasa akiwa mama. Ondoa kwanza kilicho kati yenu, kisha keti usikilize pamoja naye. Na ukiisha kusafisha, uwe tayari kwa utakalolisikia, hata kama silo ulilolitaka. Mimi nilitaka kumnyamazisha mama kwa sauti nzuri. Lau ningefanikiwa, leo ningekuwa na kasida nzuri mno za marehemu.

Nenda sasa, mwanangu, ukaitengeneze redio yako. Mwenyezi Mungu akupe umri na afya ya kifua. Akujaalie walio mbali nawe warudi wazima, na ukiwa mbali wewe, unajikaza, unasema uko vizuri, akujaalie mtu nyumbani wa kukuambia, kohoa nisikie. Amin.