Kiatu Ndani ya Kioo

Fundi anachemsha lami ya kuziba paa la jirani hapa mtaani Umoja, na harufu yake inanirudisha Mombasa, ndani ya ngome ya zamani ambako kanisa letu lilitupeleka kutembea. Kulikuwa na kamba nene zilizopakwa lami, na ndani ya kabati la kioo, mitungi na kiatu cha ngozi vilivyotolewa kwenye meli iliyozama karne nyingi zilizopita.

Mama alisimama hapo muda mrefu. Kaka yake alikuwa baharia. Meli ya mizigo aliyokuwa akifanyia kazi ilizama, naye hakuonekana tena.

"Na watu je?" akamuuliza mwanamume aliyekuwa akitutembeza.

"Hao hawakupatikana, mama. Ni vitu tu."

"Kiatu kimepatikana, mwenyewe hapana?"

Mwanamume yule akainamisha kichwa. Mama akaketi sakafuni, akalia kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Wenzake wa kanisani walikuwa wameshatoka nje kupiga picha.

"Mama, twende," nikamwambia, nikimvuta mkono. Hakuinuka. Nikafungua sweta niliyokuwa nimeifunga kiunoni, nikamfuta machozi. Yalizidi kuja, nami nikazidi kufuta.