Sitaandika Barua ya Nusu Mtaa

Mwanasaumu binti Boga alikuwa mjane, mwalimu wa chuo cha Kurani cha watoto huko Likoni, na hapakuwa na mtu mtaani aliyemshinda kwa mkono mzuri wa kuandika. Waliotaka kuandika wasia au barua ya kwenda Pemba walimpelekea karatasi, naye akawaandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, taratibu, bila kufuta neno.

Mwaka wa arubaini na saba mzee wa mtaa alifariki. Desturi ilikuwa wenyeji wamchague mmoja wao, kisha jina lipelekwe serikalini. Safari hii askari alileta cheti kwamba mzee mpya ameshateuliwa. Mtu mwenyewe alitoka mbali, hajui shamba la nani limekomea wapi. Wiki ya pili alimfukuza mama mmoja kisimani akimdhania mgeni, na mama huyo alizaliwa hatua chache kutoka pale.

Wazee wakakutana barazani kwa Mwinyihaji, ami yake Mwanasaumu. Walisema pwani si koloni, ni nchi ya Seyyid, Sultani wa Unguja, Mwingereza amekodi tu. Basi mambo ya Likoni yaamuliwe Likoni, si Nairobi. Wakaafikiana kumwandikia Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya. Mwanasaumu akaitwa, akaketi mlangoni na kalamu yake, akaandika waliyoyasema mpaka wakafika kwenye maneno "sisi Waislamu wenyeji wa hapa". Hapo akaweka kalamu chini.

"Ami, na kina Karisa je?"

Karisa alikuwa Mkristo, mkulima, ambaye baba yake alihamia kutoka Rabai. Nyumba za watu wake zilikuwa karibu thuluthi ya mtaa. Mwinyihaji akajibu kwamba hao walikaribishwa tu. Mwingine akasema kuwatia humo kutaidhoofisha hoja kwamba pwani ni ya Seyyid, kwa kuwa hao si Waislamu. Mwanasaumu akawaacha wamalize.

"Wanateka maji kisima kile kile, na mzee huyu ataamua kesi zao kama zetu," akasema. "Tukilalamika kwamba Nairobi haitujui, nasi jirani zetu hatuwajui, tutajibu nini? Niwie radhi, ami. Sitaandika barua ya nusu mtaa."

Baraza likavunjika kwa hasira. Wazee wawili waliwatoa watoto wao chuoni kwake. Ilimuuma, lakini aliendelea kuwasomesha waliobaki, na siku ya nne akaenda kwa Karisa.

Sidi, mke wa Karisa, alimpa kigoda. Karisa hakuwa na haraka ya kumwamini. Aliuliza, mzee akiwa wa kina Mwinyihaji, neno lake yeye litasikizwa na nani? Mwanasaumu hakumwapia. Alimwambia barua itaomba mzee wa kuchaguliwa na mtaa mzima, pamoja na baraza la watu saba, wawili kutoka kwao. Karisa alijua herufi za Kizungu, basi wakaiandika mara mbili, maneno yale yale, yeye kwa herufi zake na Mwanasaumu kwa zake.

Mwanasaumu alipita nyumba hadi nyumba kutafuta sahihi na alama za dole gumba. Mwisho akaingia kwa ami yake. Mwinyihaji aliisoma mpaka mwisho, akasema jina la babu yake, lililoandikwa baada ya lake, limekosewa. Halikukosewa, lakini Mwanasaumu aliliandika upya, na ami yake akatia sahihi.

Mwanasaumu na Karisa wakavuka kwa feri hadi Mombasa, ofisini kwa Bwana Shauri. Karani aliwaambia waiache barua waende zao. Wakakaa bencini tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka wakaitwa ndani.

Bwana Shauri alisema mzee hataondolewa, na habari za Seyyid ni za wakubwa. Ila baraza la saba lingeweza kukaa na mzee huyo mwaka mmoja, kwa kujaribu, na visima na mipaka viamuliwe nalo.

Wengi walinung'unika kwamba wameomba mzee wakapewa vikao. Mwanasaumu naye hakuridhika. Lakini alikuwa mwandishi wa kila kikao, na kesi ya kwanza, ya mnazi uliokuwa mpakani kwa Sidi, ilikwisha kabla ya adhuhuri.

Mwaka ulipotimia aliandika barua ya pili, ya kuomba tena mzee wa kuchaguliwa. Ilikataliwa. Ya tatu ilijibiwa mwaka wa arubaini na tisa: mzee yule amehamishwa, mtaa ulete jina. Karisa na Mwinyihaji walibishana siku mbili juu ya nani apelekwe, Mwanasaumu akiandika hoja za wote wawili.