E ya Mwanamuke

Bwana yangu alikuwa karani ku biro, ofisi ya treni. Siku moja mulango wa wago, behewa la treni, ulimufungia vidole vya mukono wa kuume, na toka ile siku kalamu haikumutii tena. Njo maana padri mumoja muzee, wakati alikuwa anarudia kwao, alimuachia ordinatere yake, ile kompyuta. Ndani mulikuwa programu yenye kusikia. Unavaa kaske ku masikio, yenye mikro mbele ya kinywa, unasema Kifaransa, na mashini inaandika yenyewe.

Lakini haikusikia kila muntu. Mbele ya kuanza kazi, bwana yangu alipashwa kuisomea. Asubui mingi alikaa pale akisoma kurasa zenye ilimuonyesha, pole pole, mpaka ikazoea sauti yake. Mimi nilikuwa ninachambua sombe, majani ya muhogo, pale mulangoni, nikimusikiliza.

"Papa, umeoa bibi wa pili," nikamuambia, "na ule unamufundisha muzuri kuliko mimi."

"Ule haniongezee maneno," akanijibu bila kugeuka.

Mashini ikajaribu kuandika ile jibu kama ni Kifaransa. Yakatoka maneno ya wazimu, tukacheka mpaka machozi.

Kisha vita ikafika. Watu wa biro njo walikuwa wanatafutwa wa kwanza. Bwana yangu akavuka ziwa kwenda Kigoma ndani ya mutumbwi wa mizigo, na tulipatana kama mimi nitabaki. Nyumba yenye haina muntu, wakati wa vita, haimalize siku mbili. Ile nyumba tuliichomea matofali sisi wenyewe, na watoto wetu wote walizaliwa mule. Sikuwa na mpango wa kuitoka.

Mwezi wa tatu toka aende, muntu wa biro ya kartie, mutaa wetu, akapita na chaki. Akaandika musalaba ku mulango wetu, bila hodi.

"Mwenye nyumba alikimbia," akasema.

"Mwenye nyumba niko mbele yako."

"Papa njo mwenye nyumba, Mama."

"Basi mimi niko kufuli?"

Alicheka kidogo, kisha akanieleza vile mambo iko. Nyumba zote zenye chaki zitapewa watu wengine. Mwenye kubaki aandike barua ku biro ya kartie: ya Kifaransa, ya kupigwa na mashini. Zile za mukono hawazipokee. Mwisho ni Ijumaa ya juma yenye kufuata.

Hapa niseme kidogo juu ya masomo yangu. Nilisoma masomo ya mangaribi, miaka mitatu, ndani ya sale, ukumbi wa parokia, sisi wamama tukikunja magoti chini ya meza za watoto. Kusoma kuliingia. Kusema Kifaransa kuliingia pia, maana bwana yangu alikuwa anaisema ndani ya nyumba. Kuandika njo kulikuwa vita. Nilikuwa ninaandika vile sikio inasikia. Mwalimu wetu, mwanamuke mukali lakini wa moyo muzuri, alikuwa anasema karatasi yangu inasomwa na masikio, haisomwe na macho. Sasa masomo ilikuwa imefungwa, na yeye alikuwa amekimbilia upande wa Moba. Wale wazee wenye kupigia watu barua chini ya baraza ya posta hawakuwako tena. Ilibaki mashini ya bwana yangu, juu ya meza, chini ya kitambaa chenye nilishona mwenyewe.

Ile wakati umeme ulikuwa unakuja saa nane ya muchana na unaenda mbele ya saa kumi na moja. Jumatatu, ulipokuja, nikaomba kwanza, kisha nikavaa kaske. Nikasema na sauti yangu, wazi, kama muntu mwenye kusoma masomo ya misa, ya kama ninaomba kubaki na nyumba yangu. Nikaangalia. Iliandika, kwa Kifaransa: Alhamisi, kesho, kondoo.

Nikarudilia. Nyumba, kwa Kifaransa, ni maison. Kila mara nikisema maison, yeye anaandika mouton, kondoo. Nikapandisha sauti, kondoo wakaongezeka. Saa moja ilipopita nilikuwa nimekuwa muchungaji.

Usiku ule nililala muzuri. Watu wengine wakiwa na shida wanakosa usingizi. Mimi nikisha kuiweka mbele ya Mungu, ninalala, maana yeye halale. Asubui, nikiwa ninaosha masahani, jibu ikanifikia ndani ya maji ya sabuni: ile mashini inajua muntu mumoja tu. Na ule muntu, mimi pia ninamujua. Miaka kumi na tisa nimesikia vile anavuta pumzi kwa pua mbele ya kusema jambo la maana. Vile anaanza na "eh bien", ni kusema haya basi. Vile sauti yake inashuka ku mwisho wa kila neno, kama muntu mwenye kutua muzigo.

Umeme ukaja. Nikafunga macho, nikashusha sauti mpaka chini ya tumbo, nikavuta pumzi kwa pua. Nikasema ile neno vile yeye angeisema. Nilipofungua macho, iliandikwa. Yote, na zile herufi zenye hazisikilike pia. Kondoo hakuwako hata mumoja.

Nikaendelea. Nilikuwa ninatia mpaka nukta kwa kinywa, maana ile mashini inataka uiambie: point, ni nukta, na à la ligne, ni musitari mupya. Nilizoea vile mubaya. Mangaribi, kumaliza sala na watoto, nilisema "Amina, point", na wale wakubwa wakaanguka juu ya mukeka kwa kucheka.

Lakini yule mudogo wa mwisho, wa miaka ine, hakucheka. Siku ile ya kwanza ya sauti ya baba yake, alikimbia toka inje, akaangalia chini ya kitanda, akaangalia nyuma ya rido ya dirisha.

"Papa amerudia?"

Nikatoa kaske, nikamupakata. Nikasema tena na ile sauti, ili aone inatoka mu kinywa changu. Aliweka mukono wake ku shingo yangu, akasikia vile inatetemeka.

"Mwambie anisalimie," akasema.

Nikamusalimia na sauti ya baba yake. Ile siku nilisimamisha kazi mbele umeme haujaenda.

Upande wa ukuta wetu kulikuwa jirani yangu, Muislamu, mwenye wazee wake walivuka toka ngambo ya ziwa na biashara zamani, wakabaki. Tulikuwa tunapeana chumvi, moto na watoto. Kila muchana alikuwa anatwanga sombe karibu na dirisha yetu, na kila pigo la kinu mashini ilikuwa inaliandika: de, de, de, musitari muzima. Nilikuwa tayari kwenda kumuomba, lakini yeye njo alinitangulia. Alipita nyuma ya jikoni, kitambaa mu kichwa, sauti ya chini.

"Dada, mimi si muntu wa kuuliza. Lakini nasikia mwanaume kwako."

"Unasikia mimi."

"Na mimi niko askofu."

Nikamuingiza ndani, nikavaa kaske, nikamuonyesha. Alikaa chini, juu ya simenti, akajaza kitambaa kinywani ili asicheke kwa nguvu. Kisha kicheko kikaisha.

"Sikiliza," akasema. "Kama mimi nimedanganyika, mwenye bunduki atadanganyika pia. Watasema umemuficha. Hautapoteza nyumba tu."

Alikuwa na haki. Kwa hiyo tukafanya mupango. Yeye atakaa mbele ya lupango, ua wa nyumba yake, na kinu chake, na hatatwanga hata jani moja. Akiona muntu mwenye hatupendi, njo atatwanga. Siku tatu watu wa kwake walikula ndagala za ziwa bila sombe, na aliwaambia muti wa kinu umepasuka.

Alitwanga mara moja tu, siku ya Jumatano. De, de, de, ikakata ndani ya neno langu. Nikatoa kaske, nikatupa kitambaa juu ya mashini, nikakamata ufagio. Walikuwa waaskari wawili wenye kuomba maji. Nikawapa kwa sauti yangu ya kila siku, wakakunywa, mumoja akasema asante, wakaenda. Nilirudia ku meza, nikafuta zile de moja moja.

Alhamisi barua ikaisha. Mashini ya kutoa karatasi, ya sindano, yenye padri aliiacha pamoja na ordinatere, ikalia kama nzige, na umeme ukakatika pale pale karatasi ilipotoka. Kesho yake njo Ijumaa. Nikaisoma pole pole mbele ya jirani yangu. Ilikuwa muzuri. Lakini kulikuwa kitu chenye kuniwasha.

Kiswahili chetu hakiulize kama uko mwanaume ao mwanamuke. Nimebaki, ni nimebaki tu. Kifaransa kinauliza. Mwanamuke akisema amebaki, anatia e moja ingine ku mwisho wa neno. Mwalimu wetu alikuwa anatuambia: hii e ya mwanamuke haisikilike na sikio, inaonekana na jicho. Na mimi nilikuwa muntu wa sikio. Ile e ilinipigisha sufuri mingi. Sasa nikaiona vile inakosekana. Mashini ilisikia mwanaume, ikaandika mwanaume. Pale juu: mimi, mwenye kutia sinye, saini yangu, mwanaume. Nimezaliwa, mwanaume. Nimeolewa, mwanaume. Nimebaki, mwanaume.

"Acha vile," jirani yangu akasema. "Barua ya mwanaume wanaiogopa."

Ilikuwa shauri la muntu mwenye kunipenda, na nililipima. Nilimukumbuka ule kijana wa zamani, wa Maandiko, mwenye kuvaa ngozi ya mbuzi ili baba yake kipofu amupapase na amuzanie ndugu yake mukubwa. Alipata baraka, lakini alikimbia miaka mingi. Mimi sikutaka kukimbia. Barua yote ilikuwa ya kusema kama sikukimbia. Nilikopa sauti ya bwana yangu kwa sababu mashini haikunifungulia mulango. Lakini ku biro nitaingia kama mimi.

"Nikiacha vile," nikamuambia, "njo inasema Papa yuko humu ndani. Na mimi siko."

Akanisogezea karatasi. Nikatwaa biki, kalamu ya watoto, nikatafuta nafasi kati ya herufi za mashini, na nikatia e zangu. Zilikuwa ine. Kila moja ilikuwa ya bluu, yenye kuinama kidogo.

Ijumaa nilivaa kikwembe cha kanisa, nikaenda kwa miguu. Shefu wa ile biro alikuwa muntu munene mwenye sauti ndogo, na wanaume watatu walikuwa wanakaa ku benchi wakingoja. Alisoma barua mara mbili.

"Mama, nani alikuandikia?"

"Niliandika mwenyewe, Shefu."

"Hii Kifaransa ni ya mwanaume. Nimezeeka ndani ya karatasi, ninajua harufu." Akaangalia wale wa ku benchi. "Papa yuko wapi? Chini ya kitanda?"

Wakacheka.

"Hata mutoto wangu wa miaka ine aliangalia kule," nikasema. "Alikuta viazi. Papa yuko ngambo ya ziwa, na ninyi munajua. Angalia zile e, Shefu."

Aliinamisha kichwa. Akaona ya kwanza, kidole kikashuka mpaka ya pili.

"Muntu alikuonyesha pa kutia."

"Hapana."

Akageuza karatasi, akanisukumia kalamu yake. "Andika kwa Kifaransa: nimebaki ndani ya nyumba yangu."

Wale wa ku benchi wakanyosha shingo. Kama nikikosa, jioni watoto wangu watalala inje, nilijua vile. Nikakamata kalamu. Je suis, ile ni ya mwaka wa kwanza. Restée, ile nimebaki, nikatia e mbili ku mwisho, ya sikio na ya jicho. Kisha nikafika ku nyumba. Mbele ya vita, ile neno ningeiandika "mezo", na nisingeona kosa. Lakini nilikuwa nimeiona juma nzima ndani ya ile kioo ya mashini, kila mara ilipofukuza kondoo. Nikaiandika kama nilivyoiona, herufi kwa herufi, na nikatia nukta.

Aliangalia ile musitari, neno kwa neno. Kisha akafungua chombo cha wino, akapiga kashe, muhuri wa biro.

"Bwana yako akirudia," akasema, "yeye njo atakuja hapa kuomba ruhusa ya kuingia kwako."

"Na ile barua ya kuomba, mimi njo nitamuandikia, Shefu."

Mumoja wa wale wa ku benchi, mwenye kucheka kwanza, aliniuliza pale mulangoni kama ninaweza kumuandikia na yeye. Nikamuambia alete karatasi Jumatatu, saa nane, wakati wa umeme.

Nyumbani nililoanisha kitambaa, nikafuta chaki ku mulango. Haikutoka yote: mpaka leo, jua ikipiga kwa upande, unaona ule musalaba, na sioni mubaya, maana ni musalaba. Jirani yangu alikuwa amesimama mbele ya kinu chake, mikono juu ya kichwa, hajathubutu kuuliza.

"Twanga," nikamuambia.

"Na Papa wa sauti?"

"Amenyamaza. Kesho nitaanza kuisomea ile mashini na sauti yangu, toka ukurasa wa kwanza."

"Kesho, basi," akasema, "maana leo hautasikia kitu."

Akatupa mafungu mawili ya sombe ndani ya kinu, na akaanza.