Seva Iliyopimwa Ijumaa Mchana

Tajiri wangu alikuwa na duka la jumla la vitenge Kariakoo, na mimi ndiye niliyetunza kompyuta zake. Akaletewa seva mpya ya kujaribu, yaani kompyuta kuu inayoendesha mashine za mauzo, yenye prosesa ya aina ile ya kwenye simu. Nikamwambia tuipime pamoja na ya zamani, kwa kazi ileile, saa zilezile, tena tutazame majibu yaliyochelewa kuliko yote, si wastani peke yake.

Akaniona nampotezea muda. Ya zamani niliipima Jumamosi, watu wamefurika. Mpya akaniruhusu Ijumaa mchana tu, duka limefungwa, watu wako msikitini. Ikajibu chapuchapu.

"Si unaona?" akasema tajiri aliporudi.

"Tajiri, hapo nimepima duka tupu!" nikafoka.

Akainunua.

Jumamosi ya kwanza ikaganda. Wateja wakamporomoshea matusi keshia, mama mmoja wa Lindi, naye akaendelea kubonyeza mashine isiyojibu. Jioni akafukuzwa kwa uzembe.

Ijumaa iliyofuata, watu wakiwa msikitini, nikaipima tena. Ilijibu chapuchapu vilevile, mbele ya kiti kitupu cha yule mama.