Siku Aliyopangiwa

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyeandika wasifu wa marehemu katika usharika wetu, upande wa Sengerema. Watu walinifuata kwa sababu sauti yangu inafika nyuma ya turubai na silii ovyo. Wasifu una mpangilio wake: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, ugonjwa. Mwisho niliweka sentensi ileile kwa kila mtu, awe bibi mkongwe au mtoto aliyezama ziwani: "Siku aliyopangiwa na Muumba wake ilipowadia, akaitika." Watu walifarijika, nami nikaenda kula pilau ya msiba bila wasiwasi.

Nilikuwa pia mwalimu wa kipaimara. Kila mwaka hakukosekana mwanafunzi mbishi wa kuniuliza: kama Mungu anajua nitakachofanya kesho, nina uhuru gani wa kufanya kingine? Jibu nilikuwa nalo, na nilipenda kulitoa. Mimi najua kwamba kengele ikilia mtatoka mbio, niliwaambia. Je, ni mimi ninayewakimbiza? Walicheka, tukaendelea na somo.

Mdogo wangu, fundi uashi, aliugua tumbo wiki ya mtihani wa kipaimara. Tuliishi watatu: mama, yeye na mimi. Ijumaa daktari alimwandikia barua ya rufaa kwenda hospitali ya Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Jumamosi asubuhi nilikuwa uani napanga maswali ya mtihani, akaja ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Dada, tuvuke leo."

"Tutavuka Jumatatu. Kesho mchungaji anakuja kuwahoji watoto wangu. Kwani utakufa kwa siku mbili?"

Ndivyo nilivyosema, sijapunguza neno. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na nguvu ya kubishana, akarudi ndani kulala.

Jumapili wanafunzi wangu walijibu vizuri, na mchungaji akanisifu mbele ya kanisa zima. Jumatatu tulipanda kivuko cha kwanza; enzi hizo daraja lilikuwa bado. Mwanza ilikuwa imeshaonekana, mawe yake na nyumba za mlimani, nilipohisi kichwa chake kimenilemea begani. Nikamwita. Abiria waliokaa karibu nasi walielewa kabla yangu.

Wasifu wake niliuandika mimi, maana hakuna aliyefikiria kumwomba mtu mwingine. Sentensi ya mwisho ilijiandika kwa mazoea. Siku ya maziko nikasimama kusoma, nikafika kwenye neno "siku", nikakwama. Siku ipi? Hii Jumatatu, au ile Jumamosi niliyoikataa? Kama Mungu aliiona Jumatatu tangu zamani, basi aliniona na mimi nikiichagua, nimekaa uani na maswali yangu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye kivuko.

Nikaikunja karatasi. "Aliniomba tuvuke Jumamosi," nikawaambia waombolezaji. "Mimi ndiye niliyekataa."

Mzee mmoja wa kanisa akaninyang'anya kipaza sauti, akaanzisha wimbo.

Tuliporudi nyumbani kutoka makaburini nilimfuata mama, amekaa mkekani. Nilitaka anitukane, anipige hata kofi mbele ya watu, yaishe.

"Mama, umesikia nilichosema?"

"Nilikusikia tangu Jumamosi, mwanangu. Nilikuwa jikoni." Hakunitazama. "Hata kabla hajafungua mdomo nilijua utakataa. Nakujua wewe na mtihani wako."

"Sasa mbona hukusema kitu? Mbona hukumpeleka wewe?"

Alivuta kanga akafunika miguu, akapokea mkono wa mtu mwingine aliyekuja kumpa pole. Nilimchukia, nasema kweli, na nilikuwa bado nampenda. Hatukulizungumza tena mpaka alipokufa.

Sasa naishi Mkuyuni, huku Mwanza. Sifundishi, na wakinifuata kwa ajili ya wasifu nawaambia macho yangu mabovu. Kusali sijaacha. Lakini kila nikifumba macho namwona mtu amekaa kimya upande wa pili wa ukuta wa jikoni. Ananijua, ananipenda, amelisikia kila neno kabla sijalisema. Na sina hakika kama ni mama.