Saini ya Malkia wa Soul

Nakiri kwamba redio ilipoanza kupiga wimbo wangu, kichwa kilinivimba. Ni wimbo wa soul, nimeutunga mwenyewe na kuuimba mwenyewe. Nikawa sipiti mitaa ya Bagara, mjini ninakoishi, bila miwani ya jua, hata mvua ikinyesha.

Jumapili iliyopita nilimsindikiza mama yangu kanisani kijijini kwetu Mutuka. Mama ni mkulima, na muziki wangu alikuwa hajawahi kuutolea neno, zuri wala baya. Kabla ya ibada, jirani yetu Mama Neema akanijia na daftari na kalamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu na wewe tuandikie jina lako hapa."

Kumbe hadi huku nina mashabiki! Mimi ninayeweza kushinda siku nzima nikipima neno moja la wimbo, sikusoma hata kichwa cha ukurasa. Nikaandika kwa mbwembwe, "Malkia wa Soul. Nawapenda sana!" Nikachora na kopa pembeni.

Wakati wa matangazo, katibu akafungua daftari lile lile.

"Harusi ya Jumamosi. Watakaoosha masufuria ni Mama Elia, Mama Neema..." Akasita, akavua miwani, akaivaa tena. "Malkia wa Soul, nawapenda sana. Huyu ni nani?"

Kanisa zima likacheka. Nikainama kama ninayetafuta kitu kilichoanguka.

Mama akasimama, akakaza kitenge chake.

"Ni binti yangu," akasema kwa sauti. "Yule anayeimba redioni. Na masufuria ataosha."