Editha Aliyeitwa Jeuri

Siku niliyoripoti kazini, Mkuu wa Shule alinipokea barazani, mikono ameiweka nyuma, macho yake yakiwa kwa wanafunzi waliokuwa wakifyeka nyasi. Ilikuwa sekondari ya kata wilayani Karagwe, si mbali na Nyakahanga, imezungukwa na migomba na mibuni kila upande. Aliniuliza habari za safari, akaniuliza kwetu ni wapi, kisha akanipa kazi zangu. Ningefundisha Biolojia kidato cha kwanza na cha pili, halafu ningekuwa mnasihi wa shule, kwa kuwa aliyekuwepo alikuwa amehamishwa. Nikamuuliza mnasihi anafanya nini hasa. Alifikiri kidogo.

"Watoto wakilia, wanaletwa kwako," alisema.

Hayo ndiyo mafunzo niliyopewa siku hiyo. Chumba changu kilikuwa nusu ya stoo, nusu nyingine ikiwa ya majembe na nyavu za magoli. Niliomba viti viwili, nikaviweka pembepembe ili mtoto asilazimike kunitazama machoni kama hataki. Mengine nilijifunza polepole, kwenye semina za wilaya na kwa watoto wenyewe. Nilijifunza kwamba kushauri ni kumwambia mtu la kufanya, lakini unasihi ni kukaa naye mpaka alione mwenyewe. Nilijifunza usiri, yaani kwamba neno la mtoto halitoki chumbani bila ruhusa yake, isipokuwa maisha yake au ya mwenzake yakiwa hatarini. Na kila mwaka kidato cha nne walikuja makundi kwa makundi kuulizia tahasusi, yale masomo matatu ambayo mtu huyabeba kwenda kidato cha tano. Wengi walitaka zile walizochagua rafiki zao. Nilikuwa nawauliza siku gani shuleni huwa wanasahau kwamba wana njaa, na kutokana na majibu yao tulianza kupanga.

Baada ya miaka mingi Karagwe nilihamishiwa Kyerwa, kata ya Isingiro. Mkuu wa Shule wa huko alikuwa mama mrefu, mkali, mwenye sauti ya chini. Siku ya kwanza alinionyesha chumba chenye dirisha na bati jipya, akasema anajua unasihi unahitaji mlango unaofungwa. Nilimpenda papo hapo. Lakini hakuwa mtu wa kubembeleza utovu wa nidhamu, na hapo ndipo jina la Editha liliponifikia.

Editha alikuwa kidato cha tatu, binti wa wafugaji wa kule kwenye nyika. Mwalimu wa nidhamu alisema ni jeuri kupita wote. Ukimwita, anaendelea kutembea. Ukimkemea, anakutazama mdomoni kama anayekucheka. Kiswahili na Jiografia alikuwa miongoni mwa wa kwanza, Hisabati alikuwa wa mwisho kabisa, na mwalimu wa somo hilo aliamini anafanya makusudi. Bodi ya shule ilikuwa inakaribia kukutana, na jina lake lilikuwa limeshapendekezwa kwa kusimamishwa masomo. Kwa msichana wa umri ule, sote tulijua kusimamishwa maana yake nini. Wengi hawakurudi, waliolewa.

Mkuu wa Shule alinikabidhi Editha kabla ya kikao. "Nisaidie nielewe," alisema. "Nikimfukuza, nataka niwe nimeelewa."

Editha alikuja, akanisalimia shikamoo, akaketi. Alijibu kila swali kwa adabu na kwa ufupi, na hakuniambia chochote. Alikuja tena wiki iliyofuata, ikawa vilevile. Mara ya tatu, tukiwa katikati ya maongezi, mvua ilishuka, ile ya kwetu inayopiga bati mpaka mwalimu anaacha kufundisha na darasa zima linakaa kuisubiri ipite. Nilikuwa namuuliza kuhusu wadogo zake. Nikaendelea kusema, kwa mazoea tu, wakati hata mimi sikuisikia sauti yangu mwenyewe.

Editha akajibu. Sikumsikia, lakini alinyoosha vidole kuonyesha wadogo zake wako wangapi, kisha akaonyesha kwa kiganja kimo cha kila mmoja.

Nilingoja kidogo, nikamtazama, na safari hii nikachezesha midomo tu, bila kutoa sauti yoyote. Nilimuuliza ng'ombe wao anayempenda kuliko wote anaitwaje. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue, akainama karibu na sikio langu akasema anaitwa Bihogo, kwa sababu ni mwekundu. Halafu akaona nilivyokuwa namtazama, na tabasamu likamtoka. Alijua nimejua.

Mvua ilipungua. Ndipo akanieleza. Masikio yalianza kumtoa usaha akiwa mdogo, na sauti zikawa zinasogea mbali mwaka hadi mwaka. Akiwa bado shule ya msingi alisikia, au tuseme aliona, watu wakisema mtoto kiziwi hana kazi darasani. Tangu siku hiyo akaanza kusoma midomo. Hakufundishwa na mtu. Kiswahili chenyewe hakikuwa lugha ya nyumbani kwao, alikijua kwa kukitazama vinywani mwa walimu, na alikuwa miongoni mwa wa kwanza katika somo hilo. Alijua mdomo wa kila mmoja wetu, nani anameza maneno, nani anaongea huku anatafuna. Aliyemwita kwa nyuma hakumsikia kamwe. Nikamuuliza kuhusu Hisabati.

"Mwalimu ana masharubu," alisema. "Yanafunika mdomo wote."

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijawahi kusikia jambo lililonishangaza kama lile. Mtoto alikuwa amebeba sekondari nzima kwa macho, na sisi tulikuwa tunajadili ukaidi wake.

Nilimwomba ruhusa nimweleze Mkuu wa Shule. Akakataa. Aliogopa kurudishwa nyumbani kama asiyefaa, na kwake afadhali kuitwa jeuri. Kikao cha bodi kilikuwa kinakaribia, nami sikuwa na haki ya kuivunja siri yake. Nilichoweza ni kumweleza wazi kila njia inaelekea wapi, kisha nikamwomba tukaongee kwao. Hilo alilikubali.

Tulikwenda kwa bodaboda mpaka njia ilipoishia, tukamalizia kwa miguu kwenye nyasi. Baba yake alitukaribisha kwa maziwa. Nilikuwa nikitafakari nianzie wapi, nikaona jambo. Mama yake alipotaka kumwambia kitu, aliacha alichokuwa anafanya, akazunguka mpaka mbele ya Editha, ndipo akasema. Kaka yake alitoka zizini, naye akazunguka vilevile. Hata mdogo wa mwisho, ambaye hakuwa ameanza shule, alimvuta dada yake sketi na kungoja ageuke. Hakuna aliyeonekana kulifikiria jambo hilo. Nyumba nzima ilikuwa imejipanga kumzunguka mtoto mmoja.

Baba yake aliona ninavyotazama. Aliniambia kwa upole kwamba walijua siku nyingi, ila waliogopa shule ikijua itamtoa.

Nikamjibu kwamba shule ingejifunza kwao, kama Editha angekubali kuifundisha. Editha alikuwa amekaa akitutazama midomo, mmoja baada ya mwingine. Njiani, kabla hatujafika kwenye pikipiki, alisimama mbele yangu.

"Nitasema mwenyewe," alisema. "Usinisemee, Mwalimu."

Siku mbili kabla ya kikao alisimama ofisini mbele ya walimu wote. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema hasikii, tangu zamani, na kwamba yeye hakumdharau mwalimu yeyote hata siku moja. Akaomba kitu kimoja tu, kwamba tukimsemesha tumtazame. Mwalimu wa nidhamu alijifunika uso kwa mikono. Mkuu wa Shule aliondoka kwenye kiti chake, akaja akasimama mbele ya Editha, akamwambia polepole kwamba jina lake limeondolewa kwenye orodha ya kusimamishwa. Kesho yake asubuhi mwalimu wa Hisabati aliingia darasani amenyoa masharubu yote.

Tulimpeleka hospitali. Usaha ulitibiwa ukakauka, lakini usikivu uliopotea haukurudi, na daktari alituambia hivyo bila kuficha. Darasani akahamishiwa dawati la mbele. Hisabati ilianza kupanda, na mwaka uliofuata ikapanda zaidi.

Ilipofika zamu ya kupanga maisha ya baadaye, kila mtu alikuwa na wazo kwa ajili yake. Cherehani, mapishi, kazi yoyote isiyo na maneno mengi. Mimi nilimuuliza swali langu la siku zote. Alijibu bila kusita kwamba njaa huisahau kwenye kipindi cha Hisabati, na kwamba anataka kulifundisha somo hilo. Nilimweleza ugumu wote ninaoujua, chuo, darasa lenye kelele, wakaguzi. Alisikiliza kwa macho mpaka nilipomaliza, akaniuliza tahasusi ipi inafika huko. Tukaanza kazi.

Sasa nimestaafu, nipo kwenye kibanja changu na migomba yangu. Vijana waliochukua kazi hii hunijia kuuliza mbinu. Nawapa nilizonazo, lakini hasa nawaambia wajiandae kustaajabu. Mtoto anayeingia mlangoni ameshafanya kazi kubwa kuliko utakayomfanyia.

Mwaka huu nilikwenda Nkwenda sokoni, nikapita kwenye sekondari ambako Editha anafundisha. Sikubisha hodi. Nilisimama dirishani. Alikuwa amechora pembetatu ubaoni, darasa limetulia. Aliuliza swali, na msichana mmoja wa nyuma akajibu huku ameinamia dawati.

"Inua uso, mwanangu," Editha alisema. "Nataka kuona unachosema."

Msichana akainua uso, akaanza upya. Jibu lake halikuwa sahihi. Editha alimsikiliza mpaka mwisho.